Kuku wa trei moja: kwa nini mboga zinatota na kuku hapati rangi

SWALI: Assalaamu alaykum. Nina oveni ndogo ya umeme ya kuweka juu ya meza, lita 40. Nikirudi kazini nataka nioke kuku na mboga kwenye trei moja, nisishughulike na masufuria. Kila nikijaribu yanatokea yale yale: trei inajaa maji, pilipili boga na tungule zinarojeka, mbatata ngumu katikati, na kuku anaiva lakini ngozi nyeupe kama aliyechemshwa. Nikimwacha zaidi, kidari kinakauka. Tuko watu watano. Nakosea wapi? (Mama wa watoto watatu, Chake Chake)

JIBU: Waalaykumu ssalaam, dada yangu. Oveni yako inatosha na viungo vyako havina kosa. Kinachokuangusha ni maji, pamoja na kutia kila kitu kwa wakati mmoja. Ukiyatengeneza mawili hayo, chajio hiki ni chepesi kweli: kazi ya mikono ni kama dakika 25, zilizobaki ni za oveni.

Tungule ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na pilipili boga vivyo hivyo. Karoti inakaribia 88, mbatata 80, na nyama ya kuku bila ya ngozi karibu 75. Vyote hivi vikipata moto vinatoa maji. Maji yakipata nafasi yanageuka mvuke na kuondoka. Yakikosa nafasi yanatuama chini ya trei. Na maji yakishachemka hayapandi zaidi ya digrii 100, hata oveni ukiiwasha mpaka mwisho. Ngozi ya kuku na mbatata huanza kupata rangi na ile harufu ya kuchomwa pale juu pake pakishakauka na joto likafika kiasi cha digrii 140. Kwa hiyo trei yenye maji inachemsha tu. Kuongeza dakika hakusaidii, kwa sababu kidari kinaendelea kuiva ndani huku ngozi bado imelowa. Hapo ndipo unapopata kuku mkavu na mweupe kwa pamoja.

Tuanze na kuku mwenyewe, kwani maji mengi ya trei yako nadhani yanatoka kwake. Visiwani wengi tunanunua kuku wa barafu, na kuku wa barafu asiyeyeyuka sawasawa anaingia kwenye oveni na maji yake yote. Mtoe kwenye friza usiku wa kuamkia siku ya kupika, mweke kwenye bakuli, chini kabisa ya friji ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Kuku wa kilo moja na kitu anahitaji saa 20 hadi 24. Ukisahau, mfunge kwenye mfuko usiopitisha maji, mzamishe kwenye maji baridi na ubadilishe maji kila nusu saa. Vipande vitakuwa tayari kwa saa moja au moja na nusu, mzima kwa saa mbili au tatu. Usimwache juu ya meza ya jikoni tangu asubuhi mpaka urudi kazini. Kwa joto letu, nje yake inapata vuguvugu la kuzalisha vijidudu wakati ndani bado ni barafu.

Kuosha kuku kwa ndimu na chumvi ni mazoea yetu ya siku nyingi. Wataalamu wa afya hawashauri kumwosha kuku chini ya bomba, kwa sababu maji yanaruka na kupeleka vijidudu kwenye sinki, kisu na kachumbari iliyo karibu. Moto wa oveni ndio unaowaua. Ikiwa huwezi kuacha kuosha, muoshe ndani ya bakuli pole pole, mwaga maji bila ya kurusha, kisha osha sinki na mikono kwa sabuni. Lakini ukiosha au usioshe, hatua isiyorukwa ni moja: mkaushe. Tumia karatasi za jikoni au kitambaa safi ambacho kitakwenda kufuliwa hapo hapo. Futa kila kipande, chini ya mbawa na kwenye mikunjo ya paja, mpaka ukigusa ngozi vidole visiteleze.

Kwa watu watano chukua kuku wa kizungu wa kilo 1.2. Mkate mapaja mawili, miguu miwili, mabawa mawili, na vidari viwili vikiwa na mfupa na ngozi, kila kimoja ukigawe mara mbili. Mgongo, shingo na ncha za mabawa usizitie kwenye trei. Zinachukua nafasi na nyama yake ni kidogo. Ziweke kwenye friji, kesho ni supu. Utabaki na vipande 10, kama gramu 900.

Kama unaweza kuchagua, shauri langu kwa siku za kazi ni kununua mapaja na miguu tu. Kidari ni kitamu kikifika digrii 74, na kikipita 78 kinaanza kuwa kikavu. Nafasi ya kukosea ni ndogo mno. Paja lina mafuta na mishipa inayolainika polepole, na utamu wake halisi uko kati ya digrii 80 na 85. Ukichelewa dakika kumi kwa sababu mtoto ameita, paja halikudhuru.

Chumvi ya kuku ni kijiko kimoja na nusu cha chai, cha chumvi laini, kisichofurika. Bora kabisa ni kumtia chumvi asubuhi na kumwacha kwenye friji bila ya kumfunika: chumvi inaingia ndani ya nyama na upepo wa friji unakausha ngozi. Ikiwa bado anayeyuka asubuhi, mtie unaporudi, kabla hujabadilisha nguo, apate dakika 40. Chini ya muda huo chumvi imeshavuta maji nje lakini hayajarudi ndani, kwa hivyo utaona ngozi imelowa. Yakitokea hayo mfute tena, basi.

Ndimu isubiri. Wengi wanamlaza kuku kwenye ndimu usiku kucha, tena ndani ya sufuria ya alumini. Asidi ikikaa muda mrefu inaivisha nyama ya juu ikawa kama unga, na inakula alumini mpaka chakula kinapata ladha ya chuma. Ndimu yake ni ya mwisho, kuku akishatoka motoni. Hapo harufu inabaki yote.

Viungo vya kumpaka: thomu punje nne na kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, vyote vikatwangwe kwenye kinu bila ya tone la maji. Ukisaga kwenye blenda utalazimika kutia maji, na hayo tena yanakwenda kwenye trei. Ongeza uzile wa kusaga kijiko kimoja cha chai, pilipili manga nusu kijiko, manjano nusu kijiko, pilipili ya unga kwa kadiri ya watoto, na mafuta ya kupikia vijiko viwili vya kulia. Thomu inaungua haraka na ikiungua ni chungu, kwa hivyo sehemu kubwa ya mchanganyiko ipitishe chini ya ngozi kwa kidole, juu pake upake kidogo tu. Ukipenda karafuu, na kwa mtu wa Pemba ni vigumu kutoipenda, mbili zilizotwangwa zinatosha kuku mzima. Zikizidi hapo zinatia ganzi ulimini na huonji kitu kingine. Mtindi nao ni mzuri, lakini ukimroweka kuku kwenye mtindi, ufute wote uliozidi kabla ya kumpanga.

Sasa mboga. Chukua mbatata gramu 600, karoti mbili, vitunguu maji viwili vikubwa, pilipili boga mbili na tungule tatu ndogo ngumu. Najua inaonekana kidogo kwa watu watano, lakini hiki ndicho trei ya oveni yako inachoweza kubeba. Trei ya oveni kama hiyo huwa na upana wa kama sentimita 30 kwa 38. Kila kipande kiguse bati, na kati ya kipande na mwenzake paonekane bati. Ukiona mboga imekaa juu ya mboga, umezidisha. Punguza, na shibe itafutwe kwenye wali au boflo. Kutia trei ya pili kwenye rafu ya chini si dawa. Mvuke wa ile ya chini unapanda na kuilowesha ya juu, na zote mbili zinaharibika.

Mbatata zikate vipande vya sentimita mbili na nusu, kama upana wa kidole gumba, na vyote viwe sawa. Zako zinabaki ngumu kwa sababu ama vipande ni vikubwa au vinaanza pamoja na tungule. Ukishazikata zisuuze mara moja ili unga wake utoke, kisha zikaushe kwa kitambaa. Karoti zikate kwa mshazari, unene wa sentimita moja na nusu. Karoti inachelewa kulainika kuliko watu wanavyodhani. Kitunguu kikate vipande sita ukiacha kitako chake kizishike tabaka, zisije zikaachana na kuungua moja moja. Pilipili boga zikate mapande mapana ya vidole viwili. Tungule zigawe nusu, zikamue mbegu na maji yake kwenye kikombe. Maji hayo tia kwenye kachumbari.

Mboga zote zinatumia mafuta vijiko viwili vya kulia na chumvi kijiko kimoja cha chai, lakini usizitie chumvi mapema. Zitie pale zinapokwenda kwenye trei. Mboga iliyokaa na chumvi nusu saa imeshalia maji kwenye bakuli.

Kuhusu chombo: tumia ile trei nyembamba nyeusi iliyokuja na oveni, yenye ukingo usiozidi sentimita nne. Bakuli la kioo na sinia lenye kina vinazuia mvuke kutoka, na kioo kinachelewa kupata moto. Usiifunike kwa foili. Foili ni kifuniko, na kifuniko kinarudisha mvuke chini. Kuitandika chini kwa ajili ya kurahisisha kuosha inafaa, mradi uipake mafuta, kwani mbatata hupenda kuganda juu yake.

Oveni ndogo zina tabia ya kudanganya. Kitufe kinasema 220, ndani ni 190. Ukitaka kuijua yako bila ya kipimajoto, tia kijiko cha sukari nyeupe kwenye kikombe kidogo cha foili. Sukari inayeyuka kwenye kiasi cha digrii 186. Ipashe oveni moto, weka 175, iache sukari dakika 15: isiyeyuke. Kisha weka sukari nyingine kwenye 190, dakika 15 vile vile: iyeyuke. Ikiwa kwenye 190 bado ni kavu, oveni yako iko chini, na kila nitakapotaja 220 wewe uiweke 240 au mwisho wake. Ikiwa imeyeyuka kwenye 175, iko juu. Punguza 15 au 20. Fanya jaribio hili siku ya mapumziko, mara moja tu, halafu andika jibu kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa oveni.

Tuseme uko jikoni saa 11 kamili jioni. Washa oveni 220, nyaya za juu na za chini zote, rafu iwe ya kati, na trei tupu uitie ndani ipate moto pamoja na oveni. Wakati huo unakata na kupaka. Saa 11 na robo toa trei, mimina mbatata na karoti zilizochanganywa na mafuta na chumvi, uso uliokatwa uelekee chini. Lazima usikie zinalia chwaa. Zikikaa kimya, trei haijapata moto. Irudishe dakika tano, mboga zenyewe zikingoja pembeni. Mlio huo ndio unaokausha uso wa mbatata papo hapo, zisigande na zisinywe mafuta.

Ziache dakika 20 bila ya kuzigusa. Kila unapofungua mlango wa oveni ndogo, joto kubwa linatoka na inachukua dakika kadhaa kurudi. Kwa hiyo unapotaka kugeuza, toa trei nje, funga mlango, fanya kazi yako juu ya jiko, ndipo urudishe.

Saa 11 na dakika 35 geuza mbatata kwa upawa bapa, zisogeze, panga mapaja, miguu na mabawa katikati yake, ngozi ikitazama juu. Vipande vinene viende pembeni, ndiko kwenye moto mkali. Vidari bado. Oka dakika 20 kwenye 220.

Toa tena. Sasa mafuta ya kuku yameshaanza kushuka kwenye mbatata, na hii ndiyo faida yenyewe ya kupika kwa trei moja. Ikiwa kuna maji yaliyotuama yanayozidi vijiko vitatu, inamisha trei na uyamimine kwenye kikombe; usiyatupe. Panga vidari, vitunguu, pilipili boga na tungule, uso uliokatwa ukiwa juu. Punguza moto uwe 200, oka dakika 25. Hapa karibu saa 12 na dakika 20 jioni umemaliza. Ngozi ikiwa bado haijakolea, washa nyaya za juu peke yake kwa dakika tatu hadi tano, nawe usimame hapo hapo. Kwenye oveni ndogo waya wa juu uko karibu sana na chakula, dakika moja ya kusahau inatosha kuunguza.

Kuku akitoka, apumzike dakika nane au kumi kwenye trei bila ya kufunikwa. Majimaji ya nyama yanatulia badala ya kumwagika unapokata, na joto la ndani linapanda kidogo zaidi. Yale maji ya kikombeni yachemshe kwenye kikaango dakika tatu yakazane, yamwagie mbatata. Kamulia ndimu moja na nusu juu ya vyote, nyunyiza kotmiri iliyokatwa, na chakula kinangoja watu watoke kusali Magharibi. Boflo la kufutia trei usilisahau, na kachumbari kali pembeni.

Utajuaje kama ameiva? Kipimajoto cha nyama kidogo ni kifaa kinachostahili pesa yake: kichome kwenye sehemu nene ya paja bila ya kugusa mfupa, kisome 74 kwa uchache, na kwa paja ningengoja 80. Usipokuwa nacho, tazama mguu: nyama imejivuta kutoka kwenye kifundo na mfupa umechomoza, na ukiukunja kwenye kiungo unaachia bila ya ubishi. Chana paja kubwa mpaka mfupani. Nyama iwe imebadilika rangi na nyuzi zake zinaachana, isiwe na ule utelezi wa mbichi. Rangi ya mfupa pekee isikutishe. Kuku wa kizungu huchinjwa mdogo, mifupa yake bado ina matundu, na barafu inapasua uboho wake, kwa hivyo wekundu unavuja pembeni mwa mfupa hata nyama ikiwa imefika joto la salama. Watu wengi wanawakausha kuku wao kwa kuukimbiza wekundu huu.

Haya yote ni kwa kuku wa kizungu. Kuku wa kienyeji usimpike hivi, utatafuna mpaka uchoke. Nyama yake ni ya mnyama aliyetembea, na moto mkavu wa saa moja hauilainishi. Mchemshe kwanza kwa maji kidogo, tangawizi na chumvi, dakika 40 mpaka saa moja kwa kadiri ya umri wake, umtoe akiwa laini lakini hajaachana na mfupa. Mkaushe, mpake viungo na mafuta, umtie kwenye trei kwa dakika 20 za mwisho pamoja na vitunguu. Supu yake pikia wali.

Mboga za kwetu nazo zinaingia vizuri sana, na si lazima kununua mbatata kila siku. Shelisheli lililokomaa na bado gumu linashinda mbatata kwa maoni yangu: limenye, toa moyo, kata vipande vya sentimita tatu, lianze mwanzo kabisa kama mbatata. Ndani linakuwa laini, nje linakauka vizuri. Muhogo mtamu uchemshe kwanza dakika 15 hadi 20, utoe ule uzi wa katikati, uukaushe, ndipo utie. Mbichi kwenye oveni unakuwa mti. Viazi vitamu na boga vina sukari na vinapata rangi haraka, kwa hivyo vitie dakika 10 baada ya wakati wa mbatata, na vikate vikubwa zaidi. Bilingani hunywa mafuta kama sifongo: likate sentimita tatu, linyunyizie chumvi dakika 20, lifute, lipake mafuta kwa mkono kila kipande, na likiingia wewe toa karoti ili nafasi itoshe. Bamia zitie nzima, bila ya kukata ncha, dakika 15 za mwisho. Zikikatwa zinatoa ulenda. Mchicha na matembele hapa si mahali pake.

Kuna wanaotamani ladha ya kuku wa kupaka. Inawezekana, ila tui lisiingie mwanzoni. Lichemshe tui zito nusu kikombe na chumvi, manjano na ndimu kidogo kwenye kikaango mpaka likazane liwe kama uji mzito, kisha mpake kuku kwa kijiko zikibaki dakika nane. Tui jepesi likimwagwa kwenye trei linakurudisha kule kule kwenye maji. Asali na tungule ya kopo ni hivyo hivyo, dakika nane za mwisho, na hizi ni kwa sababu nyingine: sukari yake inaungua.

Umeme ukikatika katikati, usifungue mlango. Oveni iliyofungwa inashika joto la kutosha kwa dakika 15 hivi. Umeme usiporudi, hamishia kila kitu kwenye sufuria pana na umalizie kwenye gesi au mkaa, moto wa wastani, kifuniko kikiwa wazi kidogo. Kuku aliyeiva nusu usimweke "mpaka umeme urudi". Joto la vuguvugu ndilo hasa vijidudu wanalolitaka. Kuhusu gharama, oveni ya wati 1,600 ikiwaka mfululizo saa moja na nusu inakula uniti 2.4, na kwa kuwa inajizima na kujiwasha yenyewe, huwa ni chini ya hapo.

Asiye na oveni kabisa anaweza kutumia seredani na ule ujuzi wa mkate wa kumimina. Chukua sufuria pana nzito yenye kifuniko bapa cha bati. Mbatata zikaange kwanza kwa mafuta vijiko vitatu mpaka zipate rangi pande mbili, panga kuku ngozi juu, funika, palia makaa: theluthi moja chini, theluthi mbili juu. Baada ya dakika 20 ondoa kifuniko kwa uangalifu, majivu yasiingie, futa maji yaliyoganda chini ya kifuniko kwa kitambaa, tia vitunguu na pilipili boga, rudisha makaa mapya juu kwa dakika 20 nyingine. Ule ufutaji wa kifuniko usiupuuze. Bila yake matone yote yanarudi kwenye ngozi.

Kikibaki chakula, kitie kwenye friji ndani ya saa mbili, na wakati wa kaskazi ndani ya saa moja, kwenye chombo kisicho na kina ili kipoe haraka. Kinakaa siku tatu. Usikipashe kwenye sufuria yenye maji. Kirudishe kwenye trei, digrii 200, dakika 12 mpaka katikati kitoe moshi. Au mbatata ziponde, kuku umchambue mifupa na kumkata kata, changanya na kotmiri na pilipili mbichi, fanya madonge, chovya kwenye yai na ukaange katlesi. Mbatata za oveni zimeshapoteza maji yake, kwa hivyo katlesi zake hazipasuki kwenye mafuta.